Vitanda vihesabiwe kabla ya dola

Bwana Mhariri,

Kwa wiki kadhaa sasa ukurasa wenu wa matangazo umekuwa ukileta nyumba za mapumziko zilizo kando ya Ziwa Kivu, magharibi ya mji wetu wa Goma, zinazokodishwa kwa siku mbili tatu kwa familia, kwaya, vikundi vya likelemba (vya kuchangiana pesa kwa zamu) na kamati za harusi. Tangazo moja limenifanya nichukue kalamu, kwa sababu linasema kwamba nyumba “inapokea watu 30” bila kusema watu hao 30 watalala juu ya nini. Neno hilo “inapokea” nalifahamu vizuri, kwa kuwa liliwahi kunigharimu mimi na ukoo wangu, na lilikaribia kutugharimu kitu kisichorudishwa kwa dola. Naomba nafasi nieleze kwa nini katika ufuko huu wetu hesabu ya vitanda ni jambo la uhai wa watu, na kwa nini anayekodisha nyumba kwa kikundi, pamoja na anayeikodi, wanapaswa kuijua hesabu hiyo kabla pesa haijatoka mfukoni.

Mimi ni ekonome mstaafu, yaani mtunza fedha na vifaa, wa shule ya sekondari. Kwa miaka 26 nilihesabu madawati, magunia ya maharagwe na vitanda vya bweni, na ndiyo sababu ukoo ulinichagua kuwa mtunza hazina wakati, mnamo Agosti 2017, tulipoamua kumkutanisha mama yetu mkubwa, aliyekuwa ametimiza miaka 80, na watoto na wajukuu wake kwa siku tatu. Wa Bukavu walikuja na meli ya usiku, wa Butembo walishinda barabarani kutwa nzima, na sisi wa Goma tukaachiwa kazi ya kutafuta mahali. Nyumba zetu za mjini zisingetutosha, kwa maana tulikuwa watu 22, yaani wakubwa 13 na watoto 9, na mama mkubwa mwenyewe alikuwa amekataa hoteli, akisema kwamba hotelini kila familia hujifungia chumbani mwake na chakula hupikwa na mtu asiyejua mnapenda nini. Alitaka nyumba moja, jiko moja na sufuria moja kubwa ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu.

Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, tuliyeelekezwa na jirani alituonyesha picha 5 katika simu yake. Tatu zilikuwa za ziwa, moja ya kile kibanda cha nyasi ambacho huku tunakiita payoti, na moja ya viti vya sebuleni. Hapakuwa na picha ya kitanda hata kimoja, na mimi, ekonome wa miaka 26, sikuliona hilo. Niliuliza kama tutaenea watu 22, akajibu, “Mama, hiyo nyumba inapokea hata 25.” Nikafurahi. Kesho yake, saa sita mchana, kijana wetu mmoja alikwenda kuiangalia, akarudi na sifa za upepo mwanana na maji ya kijani kibichi, nami nikaanza kukusanya.

Hesabu ilikuwa hivi. Nyumba ilikuwa dola 150 kwa usiku, yaani dola 450 kwa siku tatu. Garanti, yaani amana ya kurudishwa mwishoni, dola 100. Komisioneri dola 30. Kila mtu mzima alitoa dola 50, nikapata 650, zikabaki 70 za chakula, makaa na gari la mizigo, na kwa bahati wa Butembo walikuja na maharagwe na ndizi zao. Nasimulia haya kwa sababu kukusanya pesa za kikundi ni kazi inayodharauliwa na wote wasiowahi kuifanya. Shemeji mmoja alitaka kulipa theluthi moja kwa vile angefika usiku wa tatu, kana kwamba nyumba ni basi ambalo mtu hulipia pale anapopandia. Nilimweleza kwamba nyumba hulipwa nzima, awepo asiwepo, na kwamba nafasi yake imemzuia mtu mwingine ambaye angelipa kamili. Alilipa, lakini hakunisemesha mpaka kesho yake. Tangu wakati huo sipeleki garanti kwa mwenye nyumba kabla ya pesa yote kuwa mikononi mwangu, na naiweka garanti katika bahasha yake peke yake, isichanganyike na pesa ya nyama, kwa sababu garanti ni mali ya watu inayosubiri kurudi.

Tulifika siku ya Ijumaa alasiri. Nyumba yenyewe, siwezi kusema uongo, ilikuwa nzuri. Parseli, yaani kiwanja chake, ilianzia juu karibu na barabara, ikashuka kwa matuta ya mawe meusi ya volkano mpaka majini, na wajukuu walitimua mbio hata kabla mizigo haijateremshwa kutoka kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Mimi nilipanda ghorofani na daftari langu. Kulikuwa na vyumba viwili vyenye vitanda viwili vikubwa kila kimoja, na chumba kidogo chenye kitanda kimoja cha mtu mmoja. Ukiwalaza wawili wawili katika vile vikubwa, hao ni watu 9. Nikarudia kuhesabu, nikapata 9. Choo kilikuwa kimoja, na maji ya kunywa, ya kupikia na ya kuoga yalikuwa bidoni (madumu) 6 zilizochotwa ziwani, ambazo tulizitia kloro wenyewe, kama kila mtu wa Goma anavyojua kufanya. Hayo tuliyavumilia. Nilipomuuliza komisioneri walipo watu 13 waliobaki, alinishika mkono kwa heshima zote, akaniongoza uani, tukashuka ngazi 11 zilizochongwa katika mwamba, tukafika kwenye chumba kilichokuwa zamani stoo ya mashua.

Chumba hicho kilikuwa kimepigwa rangi nyeupe. Kilikuwa na dirisha moja dogo, juu kabisa karibu na dari, na magodoro 8 ya sifongo yaliyosimamishwa ukutani. “Hapa ni pa watoto,” alisema, “kuna ubaridi mzuri, na hawatasumbua wakubwa.” Nilikubali. Naandika neno hilo kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilikubali, nikamwita binti yangu alete mashuka.

Aliyetuokoa ni zamu, yaani mlinzi, wa nyumba hiyo, mzee ambaye mshahara wake, kwa maneno yake mwenyewe, ulikuwa haujalipwa kwa miezi miwili. Alingoja komisioneri aende payotini, akanisogelea na kusema polepole, “Mama, huku chini watoto wasilale. Kuko mazuku.” Nikamwambia kwamba mimi ni mwenyeji wa Goma, mazuku, ile hewa inayoua, nayajua, yako kule Bulengo na kando ya Lac Vert, kwenye mashimo yanayozungushiwa miiba ili mbuzi wasiingie. Akatikisa kichwa. Alisema kwamba mbwa wa patro, yaani mwenye nyumba, alikufa katika chumba hicho hicho mwezi wa tano, na kwamba asubuhi nyingine yeye hukuta mijusi imekauka chini ya dirisha. Komisioneri alipoona tunanong'ona alikuja, akasikia, akacheka. Aliwasha taa ya utambi, akashuka nayo mwenyewe hadi ngazi ya mwisho, akaiweka sakafuni. Moto ukasimama wima, ukawaka vizuri kabisa. “Umeona, mama?” Mzee hakubishana naye. Alisema tu, “Sasa kuko upepo. Ngoja saa kumi na moja ya asubuhi.”

Usiku ule watoto 9 walilala juu pamoja nasi. Tuliyapandisha magodoro yale 8, tukayapanga sebuleni na koridoni, na wanaume wanne wakalala kwenye viti. Nyumba ilinuka miguu na sambaza. Ziwa lilikuwa kimya, bila wimbi wala upepo, na kwa mbali tuliziona taa za wavuvi na kuwasikia wakiimba katika zile mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Mama mkubwa alisema kwamba hajalala katika msongamano wa namna ile tangu alipokuwa msichana, na alionekana kufurahi.

Saa kumi na moja mzee aligonga dirisha. Nilijifunga kitenge, nikatoka na binti yangu. Taa ilikuwa ile ile. Safari hii aliifunga kwenye kamba, akasimama juu ya ngazi, akaiteremsha taratibu huku akihesabu kwa sauti. Ngazi ya tano moto ulikuwa mzima. Ngazi ya saba ulianza kufupika na kugeuka mwekundu. Ngazi ya tisa ulizimika, bila upepo na bila kelele, kama mtu ameufunika kwa kiganja. Kilichonitia baridi zaidi ni moshi wa utambi: haukupanda juu kama moshi unavyopanda, ulilala kwa upana, ukakaa pale pale juu ya ngazi ya tisa kama shuka lililotandikwa. Chini ya shuka lile palikuwa na sakafu nyeupe ambapo jana yake nilitaka kutandika magodoro.

Bwana Mhariri, wengi wa wasomaji wenu wanalijua jina la mazuku tangu utotoni, lakini wageni wanaosoma matangazo hayo wakiwa Kinshasa, Beni au ng'ambo hawalijui, na hata sisi wenyeji tunalijua nusunusu, kama nilivyolijua mimi. Mazuku ni hewa ya kabonidioksidi, ile ile tunayoitoa tunapopumua, inayopanda kutoka chini ya ardhi yetu ya volkano kupitia nyufa za miamba. Haina rangi wala harufu. Uzito wake ni karibu mara moja na nusu ya uzito wa hewa ya kawaida, na kwa hiyo haipai, bali hutiririka kama maji na kujaza kila bonde, shimo na chumba cha chini kinachoifungulia njia. Mchana jua na upepo huitawanya. Usiku wenye utulivu hujikusanya, na kabla ya jua kuchomoza ndipo inapokuwa nyingi. Katika hewa safi sehemu yake haifiki hata moja katika 1,000. Ikifika sehemu 10 katika 100, mtu anaweza kuzimia katika dakika chache, na mahali pengine katika mashimo ya ufuko wetu imepimwa kuwa nyingi kupita hapo mara kadhaa. Aliyelala usingizi hapati hata muda wa kushangaa. Na anayemkimbilia kumwokoa bila kujua kilichomwangusha, huinama pale pale na kuanguka juu yake.

Kuna jambo moja juu ya taa ambalo nilijifunza baadaye, nami nalitaja ili mtu asije akaninukuu vibaya. Moto wa taa si kipimo cha kutegemea, kwa sababu mtu anaweza kuanza kuumwa kichwa na kuhema hata kabla moto haujazimika. Kwa hiyo taa iliyozimika ni ushahidi tosha wa kuondoka, lakini taa inayowaka haimruhusu mtu kulala. Komisioneri wetu alipima saa kumi na mbili jioni, kijana wetu alikagua saa sita mchana, na wote wawili walisema ukweli wa saa zao.

Sasa utaona ni kwa nini nasisitiza vitanda. Mtu mmoja au wawili wakikodi nyumba kando ya ziwa watalala kitandani, ghorofani, na huenda wasijue kamwe kwamba chini yao kuna shimo. Kikundi ndicho kinacholala chini. Tangu zamani, sherehe ikiwa kubwa kuliko nyumba, tunatandika mikeka na magodoro, na wa kwanza kulazwa sakafuni ni watoto, kisha vijana, kwa sababu mgongo wao ni mwepesi na heshima inawataka wawapishe wazee. Desturi hiyo ni nzuri, nami nimelelewa ndani yake. Lakini katika parseli fulani za ufuko wetu desturi hiyo inaweka pua ya mtoto mahali hasa ambapo hewa hiyo inakaa, tena katika chumba cha chini kuliko vyote, kwa kuwa ndicho kilichobaki wazi. Mwenye nyumba anayeandika “watu 30” huku akiwa na vitanda vya watu 9 amekwisha kuamua, bila kuwaambia wapangaji wake, kwamba watu 21 watalala sakafuni.

Nimesikia wakisema kwamba ukitaja mazuku katika tangazo unaua biashara. Sikubaliani nao, ingawa nawaelewa. Sehemu kubwa ya ufuko wetu hailali juu ya nyufa hizo, na hata penye nyufa si kila kona ya parseli iliyo mbaya. Zamu wetu aliweza kunionyesha kwa kidole mahali pawili pa hatari na mahali pengine pote ambapo amelala kwa miaka mingi bila kuumwa hata kichwa. Baada ya kujua, tulikaa siku zetu zote tatu. Watoto walikatazwa kushuka ngazi zile, mlango ukafungwa kwa waya, na chakula kikaliwa payotini, palipo juu na penye upepo. Sikuidai nyumba iliyo mbali na volkano. Mtu anayetaka hivyo asikodi Goma. Nilidai kuambiwa na mwenye nyumba kile alichojua mlinzi wake.

Wala nisieleweke kuwa nazungumzia ile gesi nyingine, iliyo katika vilindi vya ziwa, ambayo wageni huiuliza kila mara kwa sababu wamesikia habari za Ziwa Nyos la Cameroon, lililotapika hewa kama hii tarehe 21 Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700 usiku mmoja. Ziwa Kivu nalo lina gesi nyingi sana chini, kabonidioksidi pamoja na methani, na Rwanda imekuwa ikiivuta methani hiyo kutengeneza umeme. Hilo ni jambo la mataifa na wahandisi, na hakuna komisioneri atakayelimaliza kwa karatasi. Chumba cha chini chenye magodoro 8 ni jambo la mwenye nyumba mmoja na kufuli moja.

Naongeza kwamba mwenye nyumba hawezi kujitetea kwa kusema kuwa alipima zamani. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi yetu ilitetemeka kwa siku nyingi, na sote tuliziona nyufa katika barabara na kuta za mji. Mahali palipokuwa salama kabla ya hapo pastahili kuangaliwa upya, na wataalamu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, tunachokiita OVG, ambao wamekuwa wakiyachunguza mazuku kwa miaka mingi, wako papa hapa mjini na si vigumu kuwauliza. Shefu wa kartie, yaani kiongozi wa mtaa, naye anajua mbuzi wa nani walikufia wapi.

Hata majini jambo ni hilo hilo. Tunajivunia ziwa lisilo na mamba wala kiboko, na ndiyo sababu wazazi hulegeza macho. Lakini penye nyufa karibu na ufuko, hewa hiyo hutanda juu ya uso wa maji pale pale pua ya mwogeleaji ilipo, hasa alfajiri wakati ziwa limetulia, na isitoshe sakafu ya ziwa letu huporomoka ghafla hatua chache kutoka mawe ya ukingoni. Mwenye nyumba wetu alitangaza mashua yake kama sehemu ya bei. Jile (fulana) za kuokolea zilikuwa 3, na moja ilikuwa imegeuzwa mto wa kukalia wa zamu. Hatukuipanda mashua hiyo.

Narudi kwenye pesa, kwa kuwa ndipo hasira yangu ilipoishia. Siku ya Jumatatu asubuhi mwenye nyumba alikuja na daftari lake. Kwanza alisema kwamba bei ya dola 150 ilikuwa ya watu 15, na kila aliyezidi hulipa dola 5 kwa usiku. Watu 7 kwa siku tatu, dola 105. Nilimuuliza mahali yalipoandikwa hayo. Hayakuwa yameandikwa popote, na komisioneri, aliyekuwa amesimama pale pale, aliyatazama maji. Baada ya saa nzima ya maneno aliachana na deni hilo, lakini katika garanti yetu ya dola 100 alikata 40, akieleza kwamba magodoro ya chumba cha chini yamepandishwa juu bila ruhusa na mawili yamechafuka. Kwa hiyo, Bwana Mhariri, ukoo wetu ulitozwa dola 40 kwa kosa la kutolaza watoto mahali alipofia mbwa wake. Nilipolitaja jambo la mbwa, alisema mbwa yule alikuwa mzee.

Sikuwa na karatasi ya kumshika nayo. Nchi yetu ina Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya upangaji wa nyumba za kuishi, na wapangaji wengi wanaijua kwa sababu ya garanti, ambayo haitakiwi kuzidi miezi 3. Lakini anayekodi kwa siku tatu hana mwezi wa kupimia, na hakuna atakayekwenda mahakamani kwa ajili ya dola 40. Kinga yake ni karatasi iliyoandikwa mapema na kutiwa sahihi na pande mbili. Tangu mwaka ule nimeandika karatasi za namna hiyo kwa ajili ya kwaya ya parokia yetu na kwa kamati mbili za harusi, na huwa ni ukurasa mmoja tu. Naandika kama bei ni ya nyumba au ya kichwa, na kama mtoto wa kunyonya anahesabiwa kuwa kichwa. Naandika garanti itarudi lini na itakatwa kwa sababu zipi. Naandika vitanda vilivyoinuka kutoka sakafuni ni vingapi, na viko chumba gani, na nakwenda kuviona mwenyewe badala ya kutuma kijana. Mahali ambapo watu wengi hunicheka ni pale ninapoandika: “Mwenye nyumba anatamka kwamba sehemu zenye mazuku katika parseli hii ni zifuatazo,” kisha naacha mistari mitatu mitupu. Wenye nyumba wawili wamejaza mistari hiyo kwa uaminifu, tena mmoja alitembea nasi na kutuonyesha. Watatu walisema hayapo, wakatia sahihi. Kwao nilimtafuta zamu kwanza. Mmoja alikataa kutia sahihi, nasi tukaenda kwingine, na simtaji jina kwa sababu huenda ni hofu tu ya karatasi.

Ombi langu kwa gazeti lenu ni dogo. Ninyi hamkagui nyumba, wala hiyo si kazi yenu. Lakini mnapopokea tangazo la nyumba ya mapumziko kando ya ziwa, karani wenu wa matangazo anaweza kumuuliza mletaji maswali mawili kabla ya kupokea malipo: una vitanda vya watu wangapi, na je, kuna chumba ambacho mtu hukifikia kwa kushuka. Majibu yake yachapishwe ndani ya tangazo hilo hilo, kwa herufi zile zile zinazotaja upepo mwanana. Asiyetaka kujibu atafute mahali pengine pa kubandika picha zake za ziwa. Nafahamu kwamba matangazo ndiyo yanayolipa karatasi na wino. Nami nalinunua gazeti hili kila wiki, na matangazo yake nayasoma kabla ya habari.

Mama mkubwa bado yupo nasi, na anataka kuliona ziwa tena. Miaka kadhaa imepita, wajukuu wameongezeka, na sasa tuko watu 27. Kama mwenye ile nyumba inayopokea watu 30 ataisoma barua hii, namwomba anijibu kupitia ukurasa huu huu, kwa tarakimu mbili tu: vitanda vingapi, na ngazi ngapi za kushuka. Akijibu kwa ukweli, pesa ninazo tayari, zimekusanywa zote, na garanti iko katika bahasha yake.

Wenu katika heshima,

Mtunza hazina wa ukoo, ekonome mstaafu,
Katindo, Goma